Kuhesabu Hadi Mia Tatu

Sheria ya chumba hiki ni fupi: hesabu hadi mia tatu,
kisha simama. Hata kama tope bado limo sahanini.

Tope lenyewe nililichota Jumanne mdomoni mwa Nyando,
pale mto unapoacha kuwa mto na ziwa halijakubali bado,
Agwanda akiutuliza mtumbwi kwa kuyakamata mafunjo,
akinicheka: "Msomi mzima, unanunua matope?"
Nilimlipa mia tano. Nikafunga kopo, nikaandika tarehe.

Kisha rangi. Matone machache ya waridi ndani ya spiriti,
usiku mmoja kabatini. Rangi hii ina ujuzi wake:
hushika nyama, hulikataa gamba.
Asubuhi, aliyekuwa na mwili amegeuka waridi,
aliyebaki gamba tupu amebaki mweupe.
Bi Nyangweso, aliyenifundisha, hakupenda maneno mengi:
"Waridi, hai. Mweupe, mfu. Usiniletee ushairi."

Nainamia hadubini.
Nyumbani viumbe hawa hawana jina.
Wana kombe mbili kama ganda la kunde,
wadogo kuliko punje ya ulezi,
na ndani ya kombe, miguu imekunjwa.
Miguu! Kitu cha kulala ndani ya tundu la sindano
kina miguu, na kilikuwa na mahali pa kwenda.
Huyu waridi.
Huyu mweupe, kombe moja, mwenziwe sijui mto ulimpeleka wapi.
Mweupe. Mweupe. Waridi.
Mweupe aliyejaa mchanga
kama chungu kilichosahauliwa mvuani.

Umeme ukakatika kwenye mia moja na kumi na tisa.
Nikakaa, kidole juu ya namba isije ikanitoroka.

Gizani nikamkumbuka karani wa mafuriko
aliyefika kwetu Kakola maji yalipopungua,
buti hadi magotini, fomu zake ndani ya mfuko wa nailoni.
Alimwuliza mama: "Watoto wangapi?"
"Saba."
Akatazama mkekani. Tulikuwa wanne.
"Walio hai, mama."
"Umeniuliza watoto," mama akasema. "Hukuniuliza wa kulisha."
Karani akapiga viboko vinne vya kalamu.
Mama hakujua kusoma, lakini viboko alivijua.
Akamwambia: "Bado vitatu."

Umeme ukarudi. Mia moja na ishirini.

Sasa nikuambie ambacho jedwali halisemi:
wa waridi naye amekufa.
Spiriti ndiyo iliyomuua, au mimi, Jumanne, saa nne asubuhi.
"Hai" katika daftari langu maana yake ni hii tu:
siku nilipofika, alikuwepo.
Na mweupe? Huenda alitangulia wiki moja, huenda miaka mia.
Tope halina makaburi, lina majirani.
Wanaotambaa hutambaa juu ya mapaa ya waliotangulia,
na kila masika mto hushusha udongo wa milima ya Nandi
na majivu ya mashamba ya miwa,
ukawafunika wote blanketi moja, usiulize nani ni nani.

Mia mbili tisini na nane, mweupe.
Mia mbili tisini na tisa, waridi, mdogo, amejifunga kabisa
kama mlango wa duka mchana wa mazishi.
Mia tatu.

Hai: arobaini na sita.
Wafu: mia mbili hamsini na nne.
Natia sahihi. Sheria imetimia.

Lakini sahani haijaisha. Pale ukingoni, taa inapofifia,
kuna weupe wengine ambao hakuna aliyewauliza.
Naweka kalamu chini, nachukua penseli,
napiga viboko pembeni mwa ukurasa, nje ya mstari.

Kesho Bi Nyangweso ataniuliza hivi ni vya nini.
Nitamwambia nilikuwa najaribu penseli.